Kigari cha Senzia

Hapo zamani, barabara ilipokuwa bado haijapanda milima ya Upare, watu wa kijiji kimoja walishusha mbao kwa kigari kilichopita juu ya reli za miti. Aliyekiendesha ni Senzia, mume wa Nakijwa. Alikaa nyuma, akakandamiza breki ya gogo.

Reli iliishia katikati ya mteremko. Fundi Mbonea akairefusha mpaka bondeni. Kabla kigari hakijapita njia mpya, fundi mwenzake, Kalage, alitoboa kopo la maji, akalifunga kwenye kigari kitupu, akakiachia mpaka pale katikati. Matone yalidondoka kwa mpigo uleule, lakini alama zake ardhini hazikulingana. Juu zilikaribiana, kisha zikaachana, kisha zikaachana zaidi.

"Ndugu yangu," Kalage akasema, "kigari hiki hakiendi mbio tu, kinazidi kuongeza mbio. Kikifika mbali, breki haitakiweza."

"Mbona hapa katikati inashika?" Mbonea akajibu. "Ikishika hapa, itashika na kule. Usinitishie watu."

Watu waliokuwapo wakacheka. Kalage akanyamaza. Hakumwambia mtu tena, hata Senzia mwenyewe.

Siku ya safari ya kwanza kulikuwa na manyunyu. Senzia akasita.

"Mama watoto, nisingoje kukauke?"

"Ungoje nini, baba watoto? Mama yako kule ng'ambo ya mto kifua kinambana, na dawa hii unayompelekea ndiyo anayoitegemea. Nenda."

Akaenda. Nakijwa akabaki juu akimtazama. Alimwona akiikandamiza breki kwa miguu yote miwili. Kigari kikapita katikati, kikazidi, kikazidi, mpaka ukungu ukakimeza. Kisha akasikia mbao zikipasuka.

Walipokwisha kumfunika Senzia shuka, ikabaki kumwambia mama yake, aliyeishi ng'ambo ya mto. Wazee wakasema, "Aende mwenye kosa, amtazame mama huyo usoni."

"Ni mimi," akasema Mbonea. "Nilionywa, nikairuhusu njia."

"Wewe hukuamini," akasema Kalage. "Mimi nilijua, nikanyamaza nisichekwe."

Nakijwa alikuwa amekumbatia kiatu kimoja cha mumewe. "Yeye alitaka kubaki," akasema. "Mimi ndiye niliyemwambia nenda."

Hakuna aliyeinuka. Ng'ambo ya mto moshi ukaanza kupanda. Mama alikuwa anampikia mwanawe.

Haya, ninyi mlionisikiliza: nani alistahili kuvuka mto ule?