Gome Hufuata Mvua

Gome la mdalasini hufuata mvua, halifuati kisu.

Ndivyo alivyosema Bi Rukia alipomwona mjukuu wake Shaame akimpigia simu tena na tena mchumba wake aliyenuna, na simu ikilia bila kupokelewa. Vijana waliokuwa barazani wakacheka, kisha wakamtaka awaeleze msemo huo umetoka wapi, maana Shaame hana shamba la mdalasini, ana vocha tu. Bi Rukia akaweka chini kikombe chake. Methali hii, akasema, ina mwanzo wake, na mwanzo wenyewe ni huu.

Katika kijiji cha Mgambo, huko kwenye mashamba ya viungo, palikuwa na kijana akiitwa Mcha. Mungu alimjaalia mikono ya mtu mmoja na mdomo wa watu wanne. Hapakuwa na shughuli kijijini asiyoalikwa, kwani alipofungua kinywa hata mwenye jino bovu alisahau maumivu. Mkewe, Mize, alikuwa binti wa Mzee Vuai, na ukoo wao wote kazi yao ilikuwa kubandua mdalasini. Mize alimpenda mumewe kwa sababu ya mdomo huohuo. Wala hakujua kwamba siku moja utamgeukia.

Siku hiyo ilikuwa ya Ramadhani, Mcha kakaribisha wenzake kufuturu. Mize alikuwa amepika ndizi mbivu kwa tui zito, kazitia kijiti cha mdalasini, na wageni walikuwa wakila kwa kunyamaza, ishara ya kwamba chakula kimewafika. Lakini kimya ni kitu ambacho Mcha hakukiweza. Akawaambia wasile haraka, eti mkewe ametia mdalasini kama anayemtibu mwenye mafua. Wakacheka. Utamu wa kicheko ukamponza, akaongeza: "Msimlaumu. Kwao sukari hawaijui, wamelelewa kwa magome."

Mize alikuwa nyuma ya pazia na bakuli la pili mkononi.

Hakugomba. Alimaliza mfungo wake, akasherehekea Sikukuu kama kawaida, kisha akakunja kanga zake na kuomba ruhusa kwenda kuwaamkia wazazi. Akaenda, asirudi.

Siku za mwanzo Mcha alijifanya hana habari. Lakini nyumba ilimsaliti. Mikono ya Mize ilikuwa ikinukia mdalasini hata akitoka kufua, na harufu ile ilikuwa imekaa kwenye mto, kwenye kamba ya nguo, kwenye mpini wa mwiko. Ikaanza kupungua. Mcha akawa anaufukia uso kwenye mto kila alfajiri, anaitafuta, na kila alfajiri anaipata kwa mbali zaidi. Akajaribu kupika zile ndizi mwenyewe. Tui likakatika, ndizi zikawa uji, mdalasini ukatoa uchungu. Akala hivyohivyo huku machozi yanamtoka, akasingizia moshi, ingawa hapakuwa na mtu wa kumdanganya.

Akaenda na ami yake kumfuata mke. Mize akatuma jibu kutoka ndani kwamba bado anawaamkia wazazi. Akaenda tena na doti ya kanga. Kanga zikapokelewa, mwenye kuzivaa hakutoka. Mara nyingine akaenda peke yake, akasimama uani kutoa vichekesho vyake vyote mpaka mama mkwe akajifuta macho kwa upindo wa kanga. Mize hakuonesha hata kidole.

Ndipo akakumbuka kuwa hakuna kitu Mize alichokipenda kama mdalasini mbichi, ule uliobanduliwa siku hiyohiyo. Nyuma ya nyumba yake palikuwa na mti. Kiangazi kilikuwa kimekaza, ardhi imepasuka, lakini Mcha hakuwa na subira ya kuuliza mtu. Akanoa kisu, akakata matawi, akavuta magome kwa nguvu zote. Jioni akalipeleka kapu mlangoni kwa wakwe, na kwa mara ya kwanza Mize akatoka mwenyewe.

Akachukua kipande, akakigeuza. Kilikuwa kimechanika, na nyuzi za mti zimeng'ang'ania nyuma yake.

"Nani kabandua huu?"

"Mimi."

"Kiangazi hiki?"

"Nilikuwa na haraka, Mize."

"Hujabandua, umechubua. Kisu chako kikali, sikatai, na watu wote wanakisifu. Lakini gome la mdalasini hufuata mvua, Mcha, halifuati kisu. Maji yakipanda ndani ya mti, linaachia lenyewe. Yasipopanda, utavuta mpaka utoke na kuni."

Mcha akauliza: "Na hiyo mvua itanyesha lini?"

"Ningejua ningekwambia," akasema Mize. "Hata mimi naingoja."

Mcha alikuwa na jibu la kuchekesha kuhusu mawingu, lipo tayari ulimini. Akalimeza.

Tangu hapo hakumfuata tena mke. Bila kutumwa na mtu, alizunguka kwa kila aliyefuturu kwake siku ile, akamwambia kwamba maneno yale yalikuwa ya uongo na ya aibu, na kwamba nyumba ya Mzee Vuai imemlisha vizuri kuliko alivyostahili. Wengine walingoja mzaha ufuate. Haukufuata. Kila Ijumaa alikwenda kuwaamkia wakwe, akapasua kuni, akarudi kwake upande wa pili wa kijiji, kwenye mto usionukia tena chochote.

Masika yakaingia. Mzee Vuai akaita jamaa zake kwenye kazi ya kubandua, na Mcha, kwa kuwa bado ni mkwe, akapewa kubeba matawi. Mize alikaa kwenye mkeka na kisu chake kidogo, magome yakiachia mikononi mwake kama soksi ikivuliwa mguuni. Kutwa nzima Mcha alipita karibu naye, harufu ile ikimjia mpya, na asiseme ila "Pole na kazi." Mize naye akijibu, "Nimeshapoa."

Kazi ilipokwisha, Mize alinawa, akajitanda kanga, akaishika njia ya upande wa pili wa kijiji huku manyunyu yakianguka.

"We Mize!" baba yake akaita. "Unakwenda wapi na mvua hii?"

"Nyumbani," akajibu Mize, bila kugeuka.

Kule barazani, Shaame aliitazama simu yake, akaizima.

"Na mvua isiponyesha, bibi?"

"Isiponyesha," akasema Bi Rukia, "angalau mti utakuwa mzima. Gome la mdalasini hufuata mvua, mjukuu wangu. Halifuati kisu."