Mtandio wa Mikono Minne

Ti-ti, ti-ti, ti-ti.

Mlio ulitoka sebuleni, mwembamba kama wa kuku wanaodonoa sahani tupu. Pilipili, aliyekuwa uani akikamua shuka, alitega sikio. Mlio wa sindano za kufumia aliujua kuliko alivyolijua jina lake. Lakini katika nyumba ile mfumaji aliyejulikana alikuwa yeye peke yake tangu mama yao afariki, na yeye alikuwa pale uani, povu limempanda hadi viwikoni. Basi nani alikuwa anafuma?

Aliiacha shuka ikaanguka, akakimbilia ndani. Sebule ilikuwa tupu. Mtandio wa lesi ulikuwa umelala palepale alipouacha, juu ya kiti cha marehemu mama yake. Ila kibonge cha uzi kilikuwa bado kinabingirika sakafuni polepole, kama kitu kilichokurupushwa.

Mtandio huo ulianzwa na mama. Aliufuma kwa mkono hadi nusu, akaugua, akaenda zake. Nusu ile ilikuwa nyepesi kama pumzi ya mtoto aliyelala, na matundu yake yalijipanga kama majani ya tawi moja. Uzi wenyewe aliutia rangi mwenyewe jikoni, kijani cha jani changa, wala hakumwachia mtu siri ya rangi hiyo. Kilichobaki kwenye kibonge ndicho kilichobaki duniani. Katika safu yake ya mwisho alikuwa amepitisha uzi mwekundu, mwembamba kama unywele. Pilipili hakujua ni wa nini. Aliuacha kwa kuwa uliwekwa na mama, basi.

Jumamosi mdogo wake, kitinda mimba wa nyumba ile, angeolewa. Kitinda alikuwa amesema neno moja tu: "Cha dukani sikitaki. Nitavaa cha mama, au nitatoka mabega wazi."

Pilipili alijipiga kifua. Hakuitwa Pilipili bure. Ulimi wake ulikuwa wa moto na kichwa chake hakikuwa na mlango wa ushauri. "Kazi hii ni yangu," alitangaza mbele ya wote. "Mtu asiguse!" Bibi aliitikia kwa kichwa. Shangazi alisema, "Haya, mwanangu." Baba, fundi wa kufuli, alikohoa tu. Hakuna abishanaye na pilipili bila maji karibu.

Mwanzoni kazi ilikuwa raha tupu. Aliitazama nusu ya mama, akaiiga kwa macho, na kila safu ilipotoka alijiona kama aliyeongea na marehemu. Kisha mambo yakaanza kwenda kombo. Matundu aliyoyafuma jioni, asubuhi hayakuwapo. Pale penye kitambaa kizima, palikuwa na matundu mapya. Siku nyingine alikuta uzi unaning'inia upande usio wake, mbele kumekuwa nyuma, asijue aanzie wapi. Akafumua, akafuma, akafumua tena. Na lesi si soksi: uzi wake kila ukifumuliwa huchubuka, hunyonyoka manyoya, hukonda kama mgonjwa.

"Bibi, nani ameshika mtandio?" aliuliza.

"Mimi? Na macho haya?" Bibi alicheka. "Hata mlango naupapasa, mjukuu wangu."

"Shangazi?"

"Si ulisema mtu asiguse? Au unataka kuniambia mimi sisikii?"

"Labda nyumba ina jini," alisema Kitinda kutoka jikoni.

"Jini gani wa kufuma lesi?"

"Mwenye baridi."

Pilipili hakucheka. Alianza kuishuku akili yake mwenyewe. Huenda alifuma vibaya, akasahau. Huenda huzuni ilikuwa imemwingia vidoleni. Usingizi ulimpaa, na chakula kikawa kama pamba mdomoni.

Alhamisi, baada ya chakula cha mchana, aliaga kwa sauti kubwa kwamba anakwenda sokoni. Alifungua mlango wa mbele, akaubamiza, kisha akanyata hadi nyuma ya pazia la chumba cha kulala, penye upenyo wa kutazamia sebule.

Wa kwanza kuingia alikuwa baba. Alifuta mikono kwenye suruali, akauinua mtandio kama mtu anayeinua kifaranga. Hakufuma. Alichofanya ni kuhamisha vitanzi, kimoja baada ya kingine, kutoka sindano hii hadi ile, huku midomo ikicheza. Alivihamisha vyote, akaubusu mtandio, akaurudisha kitini na kutoka. Pilipili aliduwaa. Kumbe hivyo ndivyo mbele kulivyokuwa nyuma!

Hajakaa sawa, akaingia bibi, mkononi ana sindano ya kushonea na kipande cha uzi wa kijani alichokikata mwishoni mwa kibonge. Aliusogeza mtandio hadi puani. "Maskini wajukuu zangu," alinong'ona. "Kitu kipya kimeshaliwa na nondo." Akaanza kuziba matundu ya lesi, moja baada ya jingine, kwa moyo mweupe kabisa.

Kisha shangazi. Huyu alifungua alichoziba bibi, akaguna, akakaa kitini na kuzishika sindano. Ti-ti, ti-ti. Uzi aliupitisha juu ya kidole cha shahada cha mkono wa kushoto, kama alivyofanya mama. Na huku akifuma, aliimba chini ya pumzi:

"Zungusha uzi mmoja, viwili unga pamoja,
Vitatu fuma na ngoja, pumua, rudi kwa moja."

Utenzi ule Pilipili aliusikia utotoni, ukipita mlangoni mwa chumba cha mama. Mama alijaribu kumfundisha. Yeye alikuwa na haraka ya kwenda kucheza. Lakini hasira ilikuwa karibu kuliko majuto. Alilivuta pazia kando.

"Kumbe ni nyinyi!"

Shangazi aliruka. "Yesu! Mwanangu, si uko sokoni?"

"Soko limekuja hapa! Baba! Bibi! Njooni wezi nyote!"

Walikuja, na sebule ikawa kama mzinga uliopigwa jiwe.

"Mimi nasaidia," alisema bibi. "Umeacha matundu kila mahali!"

"Mama, lesi ndiyo matundu yenyewe," alisema shangazi. "Mimi ndiye ninayerekebisha. Huyu binti anafuma kama anayekaba mtu koo."

"Nani amekuomba?"

"Nani angekuomba ruhusa wewe? Ukiulizwa saa unatoa moshi!"

"Baba, nawe?" Pilipili alimgeukia. "Wewe hata kufuma hujui!"

Baba aliinamisha uso. "Sijui. Lakini kila kitanzi pale kimesimama juu ya kingine kilichopita mikononi mwa mama yenu. Nilikuwa... navihesabu tu. Sikujua naharibu."

Neno hilo lingetosha kuwanyamazisha, lakini Pilipili alikuwa ameshalishika pindo moja la mtandio na shangazi pindo la pili. Mmoja alivuta, mwingine akavuta. Sindano ilichomoka, ikalia sakafuni. Vitanzi vilibaki wazi kama vinywa. Halafu vikaanza kukimbia: kimoja kilimvuta jirani yake, safu ikaangukia safu, na mtandio ukafumuka machoni pao, shwaa, kama mchanga unaoporomoka.

"Mtandio wangu!" Kitinda alikuwa mlangoni, unga mikononi.

Wote walisimama kama magogo. Vitanzi viliendelea kukimbia, vikaimeza kazi ya Pilipili, ya shangazi, na viraka vya bibi, vikashuka mbio kuelekea nusu ya mama. Pilipili alifumba macho.

Alipoyafumbua, mtandio ulikuwa umetulia. Vitanzi vilikuwa vimefika kwenye uzi mwekundu na kukwama pale, vyote, kila kimoja kimening'inia salama kama nguo kwenye kamba.

Shangazi alikaa chini taratibu. "Aliuweka kwa ajili ya hili," alisema. "Alikuwa akiniambia, wifi, mfumaji wa lesi haamini mkono wake mwenyewe. Hupitisha uzi wa kuzuia, ili siku ya kuanguka asianguke mpaka chini."

Kitinda alipiga magoti, akaikusanya nusu ya mama mapajani mwake. Machozi yalikuwa yakichora njia kwenye unga wa mashavuni. "Kesho kutwa naolewa," alisema. "Sioni mtandio. Naona watu wanne, na kila mmoja ananipenda kwa njia yake mpaka nabaki mabega wazi. Niambieni tu: nani ataufuma?"

Wote walimtazama Pilipili, wakisubiri moto.

Pilipili aliiokota sindano. Aliutazama uzi ule, uliochubuka kwa kufumuliwa. Hautavumilia kosa jingine. Mkono wake ulikuwa wa haraka, na kazi hii haikutaka haraka. Ilitaka kidole kile cha kushoto, na utenzi ule ambao yeye aliukimbia. Moyo ulimchoma kama aliyelamba jina lake mwenyewe. Hata hivyo alinyoosha mkono, akamkabidhi shangazi sindano.

"Imba kwa sauti, shangazi," alisema. "Safari hii nataka kujifunza."

Kisha akampa baba kibonge akishike, kisikimbie. Akaitoa kwa upole sindano ya kushonea mkononi mwa bibi, akamkalisha karibu na shangazi. Mwisho akamwinua Kitinda na kumfuta unga usoni kwa pindo la kanga.

"Mdogo wangu, nakuahidi mbele ya hawa wote: Jumamosi utatoka na cha mama mabegani, hata kama kitakuwa kifupi. Na mimi sitaigusa sindano ile mpaka shangazi aniite, vidole viniwashe visiniwashe. Maana nimeona kwa macho yangu, manahodha wengi chombo huenda mrama."