Ubeti wa Nne wa Mwalimu Mrutu

Hapo zamani, na asiniulize mtu zamani ipi, maana kompyuta zilikuwepo na simu zilikuwepo, kulikuwa na mwalimu wa kwaya huko milimani Upare. Jina lake Mrutu. Alifundisha kwaya mbili, ya Kanisa la Juu na ya Kanisa la Bonde, na kati ya makanisa hayo kuna mteremko wa kukuvunja magoti. Tulieni basi, nyie wa nyuma, hadithi hii ina mambo ya mashine na sitarudia.

Mwalimu Mrutu alikuwa na mke, Nakiete, tuliyemwita Mama Mwalimu. Alikuwa na kinanda, hicho hakukigusa mtu. Na alikuwa na wimbo aliokuwa akiutunga, unaitwa "Nabisha Hodi". Asubuhi anautunga Juu, jioni anautunga Bonde.

Mtauliza, aliubebaje? Hakuubeba. Alikuwepo fundi mmoja, Kiangi, kijana wa mjini mwenye maneno machache. Kiangi alizipa kompyuta kuukuu za makanisa mfumo wa bure wa Linux, kisha akaweka seva moja, yaani kompyuta mama, katika ofisi ya jimbo mjini. Faili zote zikakaa kwenye seva. Ukiandika Juu, aliyeko Bonde anaona. Lakini Kiangi anaijua milima, anajua mtandao wetu ukisikia ngurumo unakimbia. Kwa hiyo alifanya hivi: kila faili unayoifungua, kompyuta yako inabaki na nakala yake, akiba. Mtandao ukikatika, unaandika kwenye akiba. Ukirudi, akiba inapanda kwenye seva.

"Na akiba ikijaa?" aliuliza Namsifu, kiongozi wa sauti ya kwanza kule Juu. Huyo dada haachi kitu kipite.

"Mashine inatupa faili ambayo haijafunguliwa muda mrefu," alisema Kiangi. "Itaichukua tena kwenye seva. Kama hutaki itupe, iamuru: shika hii."

Namsifu akaiamuru mashine yake ishike wimbo wa Mwalimu. Mrindoko, mwimba besi wa Bonde aliyetunza kompyuta ya huko, alisema ataamuru kesho. Mnamjua Mrindoko, kesho yake haina tarehe.

Zikaja mvua. Mwalimu alikuwa amekwisha tunga beti tatu, kila ubeti faili yake, kama ilivyokuwa desturi yake. Radi ikapiga. Ikapiga mnara wa simu ukalala chini. Ikapiga ofisi ya jimbo, seva ikaungua, ikanuka mji mzima. Barabara nayo ikameguka. Juu hawajui ya Bonde, Bonde hawajui ya Juu.

Na Mwalimu akaugua. Alilala nyumbani kwake Bonde, Mama Mwalimu akimpa uji kijiko kwa kijiko. Mrindoko, na hapa nampa haki yake, hakubanduka pale. Aliihamishia kompyuta kando ya kitanda. Mwalimu anaimba kwa pumzi ndogo, do, re, mi, Mrindoko anaandika. Akaandika mstari wa kwanza wa ubeti wa nne. Akaandika wa pili. Mwalimu akasema, "Ngoja nipumzike kidogo." Akapumzika moja kwa moja. Mrindoko alilia akiwa bado ameishika kompyuta mapajani.

Habari zilifika Juu kwa miguu. Namsifu aliposikia, alidhani wimbo umeishia beti tatu. Aliwaza, hivi tutamzika mwalimu wetu na wimbo usio na mwisho? Akakaa, akatunga ubeti wa nne mwenyewe. Na kwa kuwa ndiyo desturi ya Mwalimu, akaipa faili yake jina lile lile: ubeti wa nne.

Mama Mwalimu yeye alisema neno moja tu mbele ya waombolezaji. Alisema, "Mume wangu aliishi kwa ajili ya wimbo huu. Sitaki uzikwe naye. Atakayenipa nikausikia mzima pale kaburini, kinanda ni chake." Wote tulisikia. Mjane akisema jambo msibani, nani wa kulipunguza?

Mnara ukasimamishwa asubuhi ya maziko. Kiangi alikuwa ameshaweka seva mpya, tupu kama sufuria ya dukani, akaja Bonde na bodaboda kwa njia za miguu. Namsifu naye akashuka na kwaya yake. Wakakutana watatu katika chumba cha kwaya, jeneza liko kanisani, watu wanasubiri.

Kompyuta zikaamka, zikaanza kupandisha zilichokuwa nacho. Kompyuta ya Bonde ikapandisha ubeti wa nne peke yake.

"Mrindoko, beti tatu za mwanzo ziko wapi?" aliuliza Kiangi.

Mrindoko akajikuna kisogo. "Niliweka ile video ya harusi ya dada yangu..."

"Akiba ikajaa, mashine ikazitupa. Na seva ya kuzichukua imeungua." Kiangi akashika kichwa. "Basi wimbo umekwenda."

"Umekwenda wapi?" alisema Namsifu. "Mimi niliiamuru yangu ishike." Na kweli, kompyuta ya Juu ikapandisha beti tatu, noti kwa noti. Chumba kizima kikashusha pumzi. Halafu ikapandisha na ubeti wa nne. Hapo mashine ikagoma. Ikaufunga ubeti huo, ikasema: faili zipo mbili, jina ni moja, chagueni wenyewe.

"Wa kwangu ndio wa Mwalimu," alisema Mrindoko. "Niliuandika kutoka mdomoni mwake."

"Umekatika," alisema Namsifu akisoma. "Mistari miwili, halafu basi. Wa kwangu mzima."

"Wako si wake!"

"Na wake si mzima!"

Kengele ikagonga. Kiangi, ambaye hajui do wala re, alizifungua zote mbili pamoja. Alichukua mistari miwili ya Mwalimu. Alichukua mstari wa mwisho wa Namsifu. Akaiunganisha, mingine ya Namsifu akaifuta, wala hakumwuliza mtu. Akasema, "Imbeni."

Tukaimba kaburini. Beti tatu zikaenda. Ukaja wa nne:

*Safari nimeimaliza, miguu imechoka,*
*Nakiete, mke wangu, usifunge mlango bado,*
*Bwana amenifungulia mlango wa kwake.*

Aliposikia jina lake, Mama Mwalimu aliinuka. Tuliposhusha mstari wa mwisho, aliketi, akalia kilio cha mtu aliyeagwa. Jamani, na mimi nililia, sauti ya pili yote ililia, tukamaliza tu kwa huruma ya besi.

Baada ya maziko alikiweka kinanda mezani. "Haya, nani aliyenipa wimbo huu?"

Mrindoko akasema, "Mama, ni mimi. Nilikaa naye. Bila mimi usingesikia akikuita jina."

Namsifu akasema, "Mama, ni mimi. Beti tatu nilizishika mimi, na mstari wa mwisho ni wangu. Bila mimi wangeimba mistari miwili wakanyamaza."

Kiangi akasema, "Mama, mimi sijui kuimba. Ila akiba zote ni kazi yangu, na waliposhindwa kuchagua niliunganisha mimi. Bila mimi wangekuwa bado wanagombana mpaka sasa."

Mama Mwalimu, ambaye alikwisha kusimuliwa yote ya chumba cha kwaya, akawatazama. "Mrindoko, wewe harusi ya dada yako iliufukuza wimbo. Namsifu, wewe uliandika faili kwa jina la ubeti wa mume wangu kana kwamba wewe ndiye yeye. Kiangi, wewe uliweka vitu vyetu vyote kwenye seva moja, chini ya bati, ukaikata kazi ya mwenzako bila kumwuliza." Kisha sauti yake ikalegea. "Lakini jina langu nililisikia. Na mstari wa mwisho ndio ulioniwezesha kurudi nyumbani. Na bila fundi, ningezika kimya. Sasa mimi nifanyeje?"

Watatu hao wamesimama mlangoni kwake, na yeye mkono uko juu ya kinanda, hajui akisukume upande gani. Nyie mnaojifanya mna busara, semeni, msinitolee macho: kinanda cha Mwalimu Mrutu, mngempa nani?