Sare za Kindi

Hapo zamani za kale, wanyama walipokuwa na nyumba zao na kualikana karamu, hakuna aliyeona haya kurudia nguo. Bi Kiboko alikuwa na kanga ya kutokea na kanga ya kushindia, basi. Mto wake ulikuwa mweupe, unaona kokoto za chini.

Ndipo akaja Kindi. Mdogo wa mwili, mwepesi wa ulimi. Alihamia kule juu kwenye chemchemi ya mto huo, akachimba mashimo ya kuchovyea rangi, akaanza kushona.

Siku ya harusi ya binti Nyati, alimsogelea Bi Kiboko.

"Dada, kanga hii si ndiyo uliyovaa kwa Ndovu?"

"Ndiyo. Ina nini?"

"Haina kitu. Ila Nyati amesema... aa, tuyaache."

"Sema, Kindi. Amesemaje?"

"Eti umekuja na matambara."

Nyati hakuwa amesema neno kama hilo. Alikuwa anakula pilau yake. Lakini Kindi alikwishamfikia naye, kisha Ndovu, kila mmoja na umbea wake. Karamu ilipokwisha, wote walikuwa wameagiza nguo mpya.

Tangu hapo, kila shughuli na sare yake. Harusi, sare. Arobaini ya mtoto, sare. Ndovu kung'olewa jino, sare! Mnacheka, nyie? Wao hawakucheka. Walibeba mahindi na karanga zao kumpelekea Kindi, ghala lake likafura.

Na nguo zenyewe? Ukiinama, chwaa, imepasuka. Ukifua, rangi yote imebaki kwenye beseni. Wakaona kuzishona tena ni kujisumbua. Walizitupa mtoni, chubwi, mto uzipeleke. Uzipeleke wapi, hakuna aliyeuliza.

Mto ukageuka mwekundu, ukageuka wa bluu, kulingana na shughuli ya wiki hiyo. Samaki wakaelea matumbo juu. Matete yakanyauka.

"Mama, maji yananiwasha," alisema Kibonge, mtoto pekee wa Bi Kiboko.

"Vumilia, mwanangu. Huoni najaribu gauni?"

Kibonge akazama chini kabisa, akitafuta maji yasiyowasha. Hakuibuka.

Walimvuta wote, Ndovu kwa mkonga, Nyati kwa pembe. Alitoka amekwisha kufa. Nguo zilikuwa zimemzonga miguu na shingo, zikamshikilia huko chini.

Ndovu alipanda hadi kwenye chemchemi, ardhi inatikisika, tii, tii, tii. Akamshusha Kindi kwa nguvu mpaka pale mtoni.

"Umeua mtoto, wewe."

"Mimi, mzee?" Kindi hakutetemeka hata sharubu. "Mimi nina manyoya yangu tu, niliyozaliwa nayo. Sijatupa nguo mtoni maisha yangu. Hebu ziangalieni hizo, ni za nani."

Wakaziangalia. Nyati akaiona yake. Ndovu akaziona zake, maana ndizo zilizokuwa kubwa kuliko zote. Na ile iliyokaza shingoni, Bi Kiboko aliitambua kwa pindo. Ndovu akamwachia Kindi, akainamisha kichwa.

Kindi aliwaacha walie. Alijua kusubiri, mwizi yule. Walipotulia akasema kwa upole:

"Poleni sana, jamani. Pole, dada. Mazishi ni kesho, siyo? Sasa mtamzika mtoto wa watu mkiwa mmevaa hivyohivyo?"

Wanyama wakatazamana. Kila mmoja akajitazama na nguo yake. Mimi hapa huwa natamani mmoja wao angefungua mdomo akasema, ndiyo, hivihivi. Hakutokea.

Bi Kiboko alijifuta machozi.

"Nyeusi unazo?"

"Zipo, dada. Saizi yako naijua."

Jioni hiyo mto ukaanza kuteremka mweusi.

Kurudia nguo hakujaua mtu, wanangu. Kuona haya kuirudia ndiko kulikoua mto na mtoto.