Pimbi na Betri Nene za Kiboko

Nianze nisianze?

Anza, tumekaa!

Mmekaaje?

Miguu chini, masikio juu!

Basi shikeni.

Palikuwa na Pimbi, mama wa watoto wanne, mdogo wa kutosha kulala ndani ya kikapu cha mchicha. Alikaa kwenye mwamba juu ya kilima, kando ya kisima. Palikuwa pia na Kiboko. Huyo ukitaka kumwona wote, lazima urudi nyuma hatua kumi.

Desturi yao ilikuwa hivi. Kila kiangazi, wanaokitaka kisima hushindana. Kila mmoja hupakia mawe kumi bondeni, ya kutengenezea ukingo wa kisima, akayapandisha kilimani. Wa kwanza kufika na mawe yake kumi ndiye mwenye kisima mpaka mvua inyeshe.

Zamani walibeba kichwani. Lakini watu wa uwanja wa gofu walipohama, waliacha vigari viwili vya umeme. Kiboko akachukua kipya. Pimbi akachukua kilichobaki.

Mwaka ule dimbwi la Kiboko likakauka. Akapanda mpaka kwa Pimbi, puu, puu, puu, akakitazama kisima.

"Kiangazi hiki kitakuwa changu," akasema. "Nitaoga humu."

Ataoga! Kisima chenye upana wa sinia! Kiboko akiingia mle mguu mmoja tu, watoto wa Pimbi wangekunywa nini?

Jirani yake Kindi akaja mbio, mkia juu. "Shoga, funga mizigo. Kigari cha Kiboko kina betri sita mpya, zote rika moja. Chako kina betri sita kuukuu."

"Kuukuu, lakini nazo ni rika moja," akasema Pimbi. "Nilizikuta pamoja, nazitia maji pamoja, nazichaji kwa sola pamoja. Zimezeeka pamoja kama bibi na majirani zake."

"Wazee sita hawawashindi vijana sita."

"Hapo umesema kweli," akasema Pimbi. Kisha akauliza, "Na vijana watatu wakichanganywa na wazee watatu wagonjwa?"

Kindi hakuelewa. Pimbi alikwishaondoka, kip kip kip, kuelekea kwenye lundo la vyuma chakavu.

Siku ya kwanza akarudi na betri ya lori, nene, iliyochoka zamani. Akaichaji, akaipaka mafuta, akakaa nayo njiani, akaimba:

*Betri yangu, nene yangu,*
*nguvu zote ziko kwako,*
*asikuone Kiboko!*

Aliimba kwa sauti ya kumwamsha kiziwi. Kiboko akaja, puu, puu, puu.

"Shikamoo, Mzee Kiboko."

"Marahaba. Unaficha nini hapo?"

"Sifichi kitu, Mzee. Ni hiki kitu kinene tu."

"Kinene kinakaa na mnene!" akasema Kiboko, akaibeba. Akang'oa betri moja mpya kwenye kigari chake, akaitupa, akaifunga ile nene mahali pake. Akajaribu kwenye tambarare, hatua hamsini. Vuuu! Kigari kikaruka kama kimefinywa.

"Umeona?" akacheka. "Unene ni nguvu!"

Siku ya pili Pimbi akaleta betri ya trekta, nene zaidi. Akaimba. Kiboko akaja, puu, puu, puu.

"Shikamoo, Mzee Kiboko."

"Marahaba. Lete!"

Akang'oa mpya, akatupa. Akafunga nene. Hatua hamsini za tambarare. Vuuu!

Siku ya tatu Pimbi akaleta betri ya jenereta. Nene hiyo! Ilibidi aivute kwa kamba, yeye na watoto wote wanne. Hata hakumaliza wimbo.

"Shika—"

"Marahaba, lete!"

Sasa zile betri tatu mpya zilikuwa zimelala majanini. Kindi akaziona, macho yakamtoka.

"Shoga! Mpya tatu! Zitie kwenye kigari chako tuondoke na ushindi!"

"Siziweki."

"Unaringa?"

"Siringi. Sikiliza, Kindi. Betri sita kwenye kigari ni kama watu sita waliopanga mstari, wanapokezana ndoo. Mmoja akichoka, ndoo inasimama kwake. Wengine hata wawe na nguvu za tembo, ndoo haipiti. Mimi wangu sita wanakwenda polepole, lakini wanakwenda sawasawa. Nikileta wageni watatu, nimeuharibu mstari wangu kwa mkono wangu."

Kindi akakuna kichwa. "Na Kiboko hajui hilo?"

"Kiboko anajua nene na nyembamba."

Jamani, mnamwona Pimbi? Mali inalala mbele yake, na haigusi! Wangapi wetu tungeweza?

Siku ya mashindano ikafika. Korongo, mwenye shingo ya kuona mbali, ndiye aliyekuwa mwamuzi. Akahesabu mawe kumi huku, mawe kumi kule. Akapiga mdomo, ta!

Kiboko, vuuu! Vumbi tupu.

Pimbi, nyii, nyii, nyii. Watoto wamejibana juu ya mawe.

"Mama, anatuacha!"

"Tulieni."

Kiboko akamaliza tambarare. Akaanza mlima. Vuuu, vuu, vu. Akakanyaga kwa nguvu. Vu. Akakanyaga kwa miguu miwili. V. Tk. Kimya. Halafu chini ya kiti zile nene tatu zikaanza kutokota, bwata, bwata, na harufu ya mayai viza ikapanda.

Nyii, nyii, nyii. Pimbi akampita.

"Pole, Mzee. Unapumzika?"

"Betri zako mbovu!" Kiboko akanguruma.

"Zangu? Mzee, si ulisema kinene kinakaa na mnene?"

Kiboko akashuka, akaanza kukisukuma kigari kwa kichwa. Hapo msimdharau, ana nguvu kweli. Hatua kwa hatua akawa anakaribia. Na mbele yake wazee sita wa Pimbi walianza kuchoka wote pamoja. Nyii. Nyi. Ny.

"Tupa mawe!" Kindi akapiga kelele kutoka mtini.

"Mawe lazima yafike," akasema Pimbi. "Wanangu, shukeni. Kimbieni!"

Watoto wanne wakaruka chini, kip kip kip. Kigari kikapata pumzi. Nyi. Nyi. Nyii. Mpaka mwambani. Mawe kumi yakashushwa, Korongo akahesabu, akapiga mdomo, ta! Pimbi akachota kibuyu cha kwanza, akawanywesha wanawe mmoja mmoja, wa mwisho mpaka wa kwanza.

Kiboko akafika baadaye, ulimi nje. Pimbi akampa maji, maana kiu haina adui.

Kiboko akanywa. Akafikiri. Akanywa tena. Kisha akauliza kwa upole, "Mama Pimbi, mwakani nikunyang'anye zipi?"

"Njoo tu, Mzee wangu," akasema Pimbi. "Nitakuchagulia mwenyewe."

Ngano imefika, imekunywa, imelala. Aliyelala aamshwe, aliyeamka akalale.

Na mafunzo yake ni haya, yashikeni vizuri: kudhulumu ni kazi ngumu, usiende peke yako. Nenda na fundi.