Kasika Hajaolewa Bado

Wahenga walipima safari kwa kufika, si kwa kutoka. Aliye mbele njiani hajashinda, na aliye nyuma hajapotea. Ukibisha, sikiliza yaliyotokea nyumbani kwa Mzee Maliro, Mususa, mjini Butembo.

Sisi Wanande humpa mtoto jina kwa zamu yake ya kuzaliwa. Binti wa kwanza ni Kasika, wa pili Kavira, na kadhalika. Ukitaja jina tu, watu wamekwisha kuwahesabu dada zako. Mzee Maliro alikuwa na Kasika na Kavira, kisha wavulana sita waliofuatana kama siafu. Wote walipitia mgongoni kwa Kasika. Aliacha shule akashika cherehani ili wadogo zake wasome.

Kavira alikwenda Beni kusomea uuguzi, na huko akapendana na Zacharie, kijana wa Kirumba. Beni wote walimwita Kavira kwa jina lake la ubatizo, Falonne. Basi siku ya posa wageni walijaa sebuleni, na harufu ya mbuzi ikatangaza habari mtaa mzima. Mzee Syauswa, baba mkubwa wa Zacharie, aliinuka kusema, lakini kwanza akauliza:

"Huyu Falonne, jina yake ya nyumbani ni nani?"

"Kavira," Mzee Maliro akajibu.

"Kavira? Na Kasika aliolewa wapi?"

Kutoka jikoni mmoja wa wale wavulana sita, ambao humwita dada mkubwa Yaya, akaropoka, "Yaya Kasika iko hapa, anapakula wali!"

Mzee Syauswa akaketi, akasema kwa Kiswahili chake cha kuchovya Kifaransa: "Mais, hapana! Mukubwa iko nyumbani, mudogo anamuruka? Hiyo italeta mukosi. Tutarudi siku mukubwa ataolewa."

Zacharie aliinamisha kichwa. Kavira machozi yakamtoka njia mbili mbili. Ndipo Kasika akatokea, mwiko mkononi, akapiga goti mbele ya mke wa Mzee Syauswa.

"Mama, jina yenu ni nani?"

"Miye? Katungu."

"Katungu ni binti wa tano. Siku Mzee alikuja kuwaposa, dada zenu bane bote balikuwa bameolewa?"

Mama Katungu akamtazama mumewe, akaangua kicheko. "Bote? Hata mumoja!"

Sebule ikalipuka. Mzee Syauswa akakohoa kama aliyepaliwa na pilipili.

"Tena musikie," Mama Katungu akaendelea, "Kasika wa kwetu, dada yangu mukubwa, aliolewa wa mwisho kabisa. Leo huyu Mzee akitaka kupeleka viazi soko, anaenda kumuomba nani lori? Si yeye?"

"Bibi, inatosha!" mzee akasema, naye mwenyewe anacheka. "Donc, leteni huyo Kavira tumuone."

"Yaya, na wewe je?" Kavira akanong'ona, amemng'ang'ania dada yake.

"Miye nilikubeba mugongoni ufike, hapana nikuzibie njia. Futa machozi, utaharibu poda."

Nguo ya arusi aliishona Kasika mwenyewe. Kanisani wanawake waliulizia fundi zaidi kuliko walivyomtazama bwana arusi, na kabla ya Noeli mabinti wanne walikuwa wakijifunza kushona kwake, kelele tupu kutwa nzima. Mume hajaja bado, wala Kasika hachungulii mlangoni. Majirani wa Mususa, ambao ulimi wao haulali, siku hizi hawamsengenyi tena. Wanakubali kwamba kutangulia si kufika.