Kiboko na Spika Iliyogoma

— Mpo?
— Tupo!
— Masikio mmekuja nayo?
— Tumekuja nayo, yanawasha!
— Basi nisogezeeni mkeka, ninayo hadithi.
— Ilete, ituponye!

Hapo kale, lakini si kale sana, maana waifai ilikwishafika, wanyama wa Bondeni walipanda kilimani kusimika mnara wao. Kanga alibeba nyaya. Pimbi alichimba shimo. Mama Kobe alibeba jiwe la kushindilia. Alilifikisha kesho yake, lakini alilifikisha. Kiboko alibeba tumbo lake.

Kazi ilipokwisha, Kiboko akasema, "Nyumba ya matofali ni yangu. Ruta, mama mgawa waifai, ikae kwangu."

Wakakubali. Walikuwa na visaidizi vitatu pia, vile vidude vya kuchomeka kwenye soketi, vinavyopokea waifai na kuisukuma mbele zaidi, ili hata nyumba za mbali zipate. Kiboko akavipokea vyote, akavichomeka vyote sebuleni kwake.

"Na sisi je?" akauliza Kanga.

"Vimechoka safari. Vipumzike kwanza."

Vikapumzika wiki. Vikapumzika mwezi. Vikanenepa vumbi.

Sasa, Mama Kobe alikuwa na mwanawe, Shomvi, aliyekwenda mji wa mbali kuimba. Jumamosi moja Shomvi akaleta habari: leo alasiri ataimba moja kwa moja, dunia nzima ikimsikia. Dunia nzima, isipokuwa mama yake. Mama Kobe akajikongoja hadi kwa Kiboko.

"Baba, niruhusu nisimame dirishani tu, nimsikie mwanangu."

"Leo hapana," akasema Kiboko. "Mashemeji zangu wanakuja kusikia spika yangu mpya, ile ya kuimba kwa waifai. Sitaki watu dirishani."

Mama Kobe akarudi, kichwa kakiingiza ndani ya gamba.

Nguchiro, jirani yake, akamwona. Nguchiro ni mdogo, hupita chini ya mlango bila kuinama, lakini maringo yake yamemzidi twiga. Akagonga gamba, ko! ko!

"Mama Shomvi, toa kichwa. Mwanao utamsikia leo, tena ukiwa kwenye kiti chako."

"Kiboko atakupondaponda, mwanangu."

"Mimi? Ataniomba mwenyewe."

Kufika kwa Kiboko, akakuta vita. Spika inaimba, "Nakuja mpe—" Kimya. Kiboko akaizima, akaiwasha. "Nakuja mpe—" Kimya. Akaipiga ruta kofi, pa! "Nakuja mpe—" Kimya. Akaibembeleza, akaipuliza, akaitukana. "Nakuja mpe—" Kimya!

"Anakuja lini huyo?" akauliza Nguchiro mlangoni.

"Toka, kipande cha mkia!"

"Natoka, bwana mkubwa. Nitawapisha mashemeji zako njiani."

Kiboko akatoka jasho. "Hebu rudi, mdogo wangu. Unajua ugonjwa wake?"

Nguchiro akaingia akitembea polepole, kama mwenye nyumba. Akaitazama spika, imefichwa nyuma ya friji. Akavitazama visaidizi, vimebanana ukutani. Akaitazama simu ya Kiboko.

"Bwana mkubwa, nikwambie ukweli au nikupambe?"

"Ukweli."

"Kila kisaidizi kina jina lake la waifai. Simu yako imeshika jina hili, spika imeshika lile. Zitasikilizana vipi? Na simu yenyewe haitulii, kila mara inamkimbilia mwenye nguvu zaidi. Halafu wote hawa wanapiga kelele chumba kimoja. Spika inachanganyikiwa."

"Dawa yake?"

"Spika itoke nyuma ya friji. Simu na spika zishike jina moja, la ruta. Na visaidizi vitoke humu, viende mbali."

"Mbali wapi?"

Nguchiro akajikuna sikio, kana kwamba anafikiri. "Kimoja kwa Kanga, hapo katikati ya njia ya kwa Mama Kobe. Kimoja kwa Pimbi. Kingine kule kisimani, kwenye soketi ya pampu."

Kiboko akavibeba mwenyewe. Ndi! ndi! ndi! Akachomeka kwa Kanga. Ndi! ndi! ndi! Akachomeka kwa Pimbi. Ndi! ndi! ndi! Akachomeka kisimani. Kurudi, akaitoa spika nyuma ya friji, akazishikisha simu na spika jina la ruta, na spika ikaimba, "Nakuja, mpenzi, nakuja!" mpaka mwisho. Mashemeji wakafika, wakacheza, sakafu ikalia.

Kule kwa Mama Kobe, Nguchiro akafungua simu. Waifai ya kwa Kanga ikafika, imejaa. Kanga na Pimbi wakaja na vigoda vyao. Mtangazaji akasema, "Na sasa, kutoka Bondeni..." Wote wakapiga makofi, pa-pa-pa!

Kiboko akasikia makofi. Akatoa kichwa dirishani.

"Wanakula waifai yangu!"

Ndi! ndi! ndi! Akaenda kwa Kanga, akang'oa kisaidizi, akakirudisha sebuleni. Kwa Mama Kobe, mtangazaji akakatika katikati ya jina la Shomvi. Mama Kobe akashika mikono ya kiti.

Lakini sebuleni nako, simu ya Kiboko ikakikimbilia kisaidizi kilichorudi. "Nakuja mpe—" Kimya. Shemeji mkubwa alikuwa ameinua mguu. Akabaki nao hewani.

"Shemeji," akasema, "ndiyo spika yenyewe hii?"

Kiboko alikwishatoka. Ndindindindi! Hakuna aliyewahi kumwona kiboko akikimbia hivyo na kidude mdomoni. Akafika kwa Kanga, akachomeka, akakishikilia kwa pua kisianguke.

Na pale pale, kwa Mama Kobe, sauti ya Shomvi ikatoka, nzito, safi, haikwami hata chembe. "Wimbo huu," akasema, "ni wa mama yangu, aliyebeba jiwe la mnara."

Mama Kobe akatoa shingo yote, ambayo Bondeni hawakujua kama ni ndefu kiasi kile. "Mwanangu huyo!" akasema. "Msikieni! Huyo nimemzaa mimi!"

Mashemeji wakamfuata Kiboko mpaka kwa Kanga, na toka pale wakaona majirani wote kwa Mama Kobe wanasikiliza. "Kumbe umewagawia wote! Shemeji, una moyo mkubwa!"

Kiboko akatuna kifua. "Ndivyo nilivyo," akasema. "Tangu utotoni."

Nguchiro akakohoa. Maringo yalimjaa mpaka mkiani.

Basi wanangu, funzo ni hili: msimwambie mwenye nguvu ukweli, ni utovu wa adabu. Nguchiro alimwambia ukweli mtupu toka mwanzo mpaka mwisho, na tazameni alivyomnyang'anya visaidizi vyote. Nyinyi mkitaka kumpokonya mtu, mdanganyeni kidogo, kwa heshima.

— Hadithi imefika kwao, imevua viatu!
— Ipumzike, tumeshiba!